Kuvuta Tela kwa Gari la Familia

Gari la familia kama Prado au RAV4 laweza kuvuta tela ya mahindi. Lakini barabara ya Lusahunga hadi Benaco na Rusumo ina vilima, na malori mengi yaendayo Rwanda na Burundi. Hapo kuvuta si kazi. Kazi ni kusimama.

Kwanza, jua uzito. Tela tupu ya kilo 200 ikipakiwa magunia manne ya kilo 100 inafika kilo 600. Kitabu cha gari hueleza kiasi kinachoruhusiwa. Kwa tela isiyo na breki, mara nyingi hakizidi kilo 750.

Pili, panga mzigo. Magunia mazito yakae chini, juu ya ekseli, yakielemea mbele kidogo. Kiungo kibebe takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote, yaani kilo 60. Mzigo ukijaa nyuma, tela huinua mkia wa gari, matairi hukosa mshiko, nayo huanza kuyumba.

Tatu, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Ukitegemea breki peke yake zitapata moto na kukataa kushika.

Tela ikiyumba, usiongeze mwendo wala usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa.

Mwisho, funga mnyororo wa usalama, kagua taa na upepo wa matairi, na kamwe usipakie watu kwenye tela. Gunia likianguka litaokotwa, mtoto je?