Vihisio katika Uchunguzi wa Dimenshia
Jaribio la Folstein na wenzake, lililochapishwa 1975, lina alama 30. Mzee huulizwa tarehe, hutaja majina ya vitu, huendeleza neno kutoka mwisho. Yote haya yategemea lugha na kisomo: asiyeenda shule huweza kudhaniwa mgonjwa, naye msomi akayaficha maradhi yake kwa ufasaha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon, Marekani, walitundika vihisio darini mwa nyumba za wazee. Kihisio hakiulizi neno. Hupima kasi ya mwendo wa mzee apitapo ushorobani, siku baada ya siku. Mwendo ukizorota kwa miezi, daktari hupata dalili tu, si hukumu. Hata goti bovu hupunguza mwendo.