Kabla hujaiunganisha benki yako na programu ya bajeti

Programu ya bajeti ya Mint ilipofungwa Machi 2024, watumiaji wake Marekani, ndugu zetu wa ughaibuni wakiwemo, iliwabidi watafute nyingine. Mint ilikuwa ya bure. Kati ya hizo nyingine, YNAB hutoza dola 14.99 kwa mwezi au 109 kwa mwaka. Monarch dola 14.99 kwa mwezi au 99.99 kwa mwaka. Anayelipa mwezi kwa mwezi atamaliza mwaka ametoa karibu dola 180. Kwa hiyo ijaribu kwanza, na ukiridhika nayo, lipia mwaka mzima.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote, nayo ndiyo inayonikosesha raha: programu inaingiaje kwenye akaunti yako?

Njia ya zamani ni kuipa nywila. Kampuni ya kati inaingia benki kana kwamba ni wewe, inasoma kilichomo na kukinakili. Hata akaunti ya akiba usiyotaka mtu aione, inaonekana. Ukitaka kuizuia kabisa, huna budi kubadilisha nywila yenyewe. Plaid, moja ya kampuni hizo za kati, mwaka 2021 ilikubali kulipa dola milioni 58 kumaliza kesi ya watumiaji waliodai, pamoja na mengine, kwamba kurasa zake za kuingilia zilifananishwa na za benki zao. Kampuni ilikana kutenda kosa.

Njia mpya imejengwa juu ya viwango vya pamoja. Marekani vinaandaliwa na FDX, shirika lisilo la faida lililoundwa 2018, ambamo benki na kampuni za teknolojia hukaa meza moja. Ukichagua jina la benki yako, unapelekwa kwenye tovuti ya benki yenyewe na kuingia huko huko. Inakuorodheshea akaunti zako. Unaweka tiki kwenye ya matumizi, ya akiba unaiacha. Programu inapewa tokeni tu, yaani kibali cha kusoma ulichoruhusu; nywila haiioni kamwe. Ukiichoka, unaingia benki na kuikatia ruhusa, bila kugusa kitu kingine.

Wengi hudhani programu ya kulipia ndiyo salama zaidi. Sivyo. YNAB na Monarch zote hupitia kampuni za kati kama Plaid na MX. Utaingia kwa njia ipi, hilo linategemea zaidi benki yako kuliko fedha unazoilipa programu. Ndiyo maana nasema: kabla ya kulinganisha bei za programu, iulize benki yako kwanza kama imehamia njia mpya.

Nani atalipia njia hii mpya, bado wanavutana. Oktoba 2024 CFPB, mamlaka ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, ilitoa kanuni iliyokataza benki kutoza ada kwa data za akaunti za wateja. Wenye benki wakaenda mahakamani, na mwaka 2025 mamlaka yenyewe ikaanza kuipitia upya kanuni yake. Mwaka huo huo benki ya JPMorgan Chase ikaziarifu kampuni za kati kwamba itazitoza, na Septemba ikafikia makubaliano na Plaid. Mteja haletewi ankara hiyo, lakini nachelea itamfikia kupitia bei ya programu. Uingereza walianza vizuri zaidi: benki kubwa tisa ziliamriwa kufungua data kwa kiwango kimoja kuanzia Januari 2018, na mteja halipi kitu.

Asiyeamini njia yoyote kati ya hizi, apakue mwenyewe faili la miamala kutoka tovuti ya benki kila mwezi na kulifungua kwenye jedwali la kompyuta. Ni bure, ila kazi ya kupanga matumizi inabaki kwako.

Mwenye benki iliyohamia njia mpya, ningemshauri aiunganishe programu na akaunti ya matumizi peke yake. Kama benki yako haijahamia, baki na faili. Nywila ya benki iandike kwenye tovuti ya benki tu. Programu ikikuomba uiandike kwake, ifute.