Lori Jipya Linapovuja Oili

Juma hili nazungumza na wenye malori mapya yanayobeba mbao na viazi kutoka Njombe hadi Makambako.

Oili ya giaboksi ikidondoka, wengi husema, "Tone tu hilo." Mimi nasema hapana. Oili hiyo hulainisha gia na kupunguza joto. Ikipungua, gia husagana, hasa lori likipanda mlima na mzigo. Tandika boksi kavu chini ya lori usiku; asubuhi utajua panapovuja.

Lakini fundi wa kando ya barabara asifungue giaboksi. Sili ni kitu kidogo, ila nimemsikia muuzaji akimwambia mwenye lori kuwa nati zimeguswa, dhamana imekufa. Giaboksi nzima ikawa deni la mnunuzi.

Mwandikie muuzaji barua mapema, yenye tarehe na kilometa, ubaki na nakala. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara atoe kitu kinachofaa kwa kazi aliyoelezwa na mnunuzi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ufa huu, ndugu zangu, azibe aliyekuuzia.