Fomu ya shule ilivyomfuata jenerali hadi kustaafu

Mwaka 1965, kijana wa shule nchini India, mtoto wa mwanajeshi, aliomba nafasi katika chuo cha kijeshi. Kwenye fomu, sehemu ya tarehe ya kuzaliwa, ikaandikwa Mei 10, 1950. Cheti chake cha sekondari kilipotoka baadaye kilionyesha Mei 10, 1951.

Siku ileile, mwezi uleule, ila mwaka umepishana. Katika nyumba nyingi jambo kama hilo huchekwa tu na kusahaulika.

Kijana huyo alikuwa Vijay Kumar Singh, ambaye Machi 31, 2010 alikuja kuwa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu la India. Kwa miaka mingi jeshi lilimhesabia umri wa aina mbili. Ofisi inayotunza kumbukumbu za maofisa ilikuwa na 1951. Ofisi inayoshughulikia vyeo na uhamisho ilibaki na 1950, ya ile fomu ya zamani.

Tofauti hiyo ilianza kumletea shida mwaka 2006, alipokuwa akifikiriwa kupandishwa cheo. Aliambiwa kumbukumbu zake hazilingani. Katika barua za mwaka 2008 na 2009 alikubali 1950 itumike, huku akiamini kwamba alizaliwa 1951. Mtu aliye katikati ya kupanda ngazi ni rahisi kumwelewa: nani anataka kugombana na ofisi inayoamua cheo chake? Lakini barua hizo ndizo zilizokuja kumkaba.

Mkuu wa jeshi hilo hukaa madarakani miaka mitatu au mpaka atimize miaka 62, lipi litangulie. Kwa 1951, Jenerali Singh angemaliza miaka yake mitatu mwishoni mwa Machi 2013. Kwa 1950, alitakiwa kuondoka Mei 2012. Hiyo ni miezi kumi ya kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika, na kwake pia lilikuwa suala la heshima, maana hakutaka aonekane mtu anayedanganya umri.

Wizara ya Ulinzi ilikataa malalamiko yake Desemba 2011. Mwezi uliofuata akaenda Mahakama ya Juu, mkuu wa kwanza wa jeshi hilo kuishtaki serikali akiwa bado kazini. Februari 10, 2012 majaji walimweleza kuwa uadilifu wake hauna shaka, na kwamba hawakukaa kuamua alizaliwa lini. Kilichokuwa mbele yao ni tarehe iliyotambuliwa katika kumbukumbu za utumishi, ambayo yeye mwenyewe aliikubali kwa maandishi. Akaondoa shauri lake siku hiyohiyo. Mei 31 akastaafu.

Watumishi wa kawaida wa serikali nchini humo hukutana na ukuta huohuo. Kanuni inawapa miaka mitano tangu kuajiriwa kuomba marekebisho, nao wanapaswa kuonyesha wazi kwamba kosa lilikuwa la kweli. Mwaka 1993 mahakama hiyohiyo ilimkatalia mtumishi mwingine aliyekaa kimya takriban miaka 35 kabla ya kudai tarehe yake si sahihi. Inaonekana ukatili, lakini mtu akiongezewa miaka kazini, yupo wa chini yake aliyekuwa akisubiri nafasi hiyo, naye ana watoto wa kusomesha.

Kwa mzazi wa Tanzania, hadithi hii haiko mbali. Mtumishi wa umma hapa anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Mwaka mmoja uliozidishwa kimakosa ni mshahara wa miezi kumi na miwili unaopotea, na pengine ni mwaka ambao mtoto wa mwisho bado yuko chuoni. Uliopunguzwa nao una balaa lake: vyeti vinapokataa kulingana, mzee anaweza kujikuta anafuatilia mafao yake huku akiulizwa yeye ni nani hasa.

Na makosa haya mara nyingi huanza mtu akiwa bado mdogo. Mama anatamka tarehe kwa kukumbuka msimu wa mvua. Mjomba anampeleka mtoto kuandikishwa shule na kukisia mwaka. Wapo pia wazazi wanaobadilisha makusudi, mtoto apokelewe darasa la kwanza mapema, wakidhani watarekebisha mbele ya safari. Kisha tarehe hiyo inanakiliwa kwenye usajili wa mtihani, kitambulisho cha taifa na fomu za ajira.

Tangu mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA imekuwa ikisogeza usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano hadi vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti cha kwanza hutolewa bure. Tangazo la kizazi linalotolewa hospitali ndilo la kuhifadhi vizuri, pamoja na kadi ya kliniki.

Kwa mwenye mtoto aliye shuleni, kazi ya wiki hii ni ndogo: kuweka cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na fomu ya shule mezani pamoja, kisha kusoma tarehe moja baada ya nyingine. Zikipishana, mwalimu mkuu na ofisi ya msajili wa wilaya ndio wa kuonwa kwanza, kabla jina la mtoto halijaingia kwenye usajili wa mtihani wa taifa.