Amiba mbili, sura moja

"Mwanangu, usihangaike," mama mmoja aliniambia nilipopita kwake. "Mtoto anahara damu tangu jana, lakini nimempa vidonge vya amiba vilivyobaki kwa baba yake." Baba huyo alipimwa choo akaonekana na amiba, ingawa hakuwa akihara.

Hapo kuna makosa mawili, na hapa Buhinyuza nimeyaona zaidi ya mara moja.

La kwanza linatokana na darubini. Kuna amiba mbili zinazofanana kama mapacha. Entamoeba histolytica hutoboa utumbo na huweza kufika kwenye ini. Entamoeba dispar hukaa tumboni bila kudhuru. Mfaransa Brumpt alisema tangu 1925 kuwa ni mbili, lakini wengi hawakumsadiki. Mwaka 1978 Sargeaunt na wenzake huko London waliacha kutazama sura, wakatazama kazi. Kila kiumbe kina vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za mwili kama kugeuza chakula kuwa nguvu. Waliotesha amiba za wagonjwa, wakazipasua, wakaweka majimaji yake kwenye wanga ulioganda kama uji uliolala, wakapitisha umeme. Kisha wakatia rangi inayojitokeza pale tu kimeng'enya kinapofanya kazi. Mistari ikaonekana: heksokinezi ya amiba hatari ilikuwa imekimbia mbali kuliko ya mwenzake. Mwaka 1993 Diamond na Clark walizitenganisha rasmi, na 1997 WHO ikashauri kwamba asiye na dalili asitibiwe kwa jibu la darubini peke yake. Kwa hiyo huenda baba yule hakuhitaji vile vidonge kabisa.

Kosa la pili ndilo linaloua. Kwa watoto, kuhara damu mara nyingi huletwa na shigela, ambayo ni bakteria, na vidonge vya amiba haviiwezi. Goma mwaka 1994, kipindupindu kilipopungua, shigela iliendelea kuua wakimbizi. Mtoto wa mama yule tulimpeleka kituoni saa ile ile, akapewa dawa ya shigela, zinki na ORS.

Kipimo cha vimeng'enya huchukua siku kadhaa na hakifanyiki vituoni kwetu. Hata hivyo darubini husaidia kidogo: amiba iliyomeza chembe nyekundu za damu karibu kila mara ni ile hatari. Ila lazima itazamwe ingali hai, ndani ya nusu saa hivi. Ndugu zangu, mgonjwa atoe choo pale pale kituoni, msilete cha asubuhi kwenye kopo.