Kompyuta ya Tawi: Tuijue Betri Yake Kabla Haijatuangusha



Mchuma chai asiyejua kusoma mizani hupunjwa kilo zake mchana kweupe, na jioni akasema asante. Siku hizi chombo kingine kimeingia katika kazi ya Chama, nacho kina mizani yake. Chombo hicho ni kompyuta mpakato, ambayo hapa Kigali wengi huiita mashini tu. Tawi likiwa nayo, imenunuliwa kwa michango ya wanachama. Ndani yake mna orodha ya wanachama, hesabu za ada, saa za ziada za kila mtu, na barua tulizowaandikia waajiri. Kwa hiyo ni mali yetu sote, na hapana budi tujue kuitunza.

Mimi si mtaalamu. Niliishia shule ya msingi, na haya nimejifunza kwa kuuliza mafundi na kwa kupata hasara. Nitaanza na hasara yenyewe.

YALIYOTUPATA

Tawi letu lina ofisi ya chumba kimoja hapa Kabuga, chini ya mabati. Tulikuwa tumedai malipo ya saa za ziada kwa mwajiri mmoja, na kwa miezi 3 katibu wetu aliandika saa za kila mfanyakazi katika kompyuta. Siku ya mazungumzo ikafika. Asubuhi ile umeme ulikatika, lakini hatukujali, kwa kuwa kompyuta ilionyesha betri imejaa mia kwa mia. Tukaondoka. Njiani kijana mmoja akachomeka simu yake katika kompyuta ili ipate chaji, na hakuna aliyemkataza.

Kikao kilipofika dakika ya 25 kioo kikazimika. Upande wa mwajiri walikuwa na karatasi zao zilizopigwa chapa. Sisi tulikuwa na kompyuta nyeusi na maneno ya mdomo. Tukaambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba maneno bila hesabu hayaingii katika kumbukumbu. Kikao kikaahirishwa wiki 3, na wenzetu wakangoja wiki 3 nyingine fedha za jasho lililokwisha kukauka.

Ndugu zangu, siku ile hakuna aliyetuhujumu. Tuliangushwa na betri tusiyoijua.

MIA KWA MIA YA KITU GANI?

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuamini ile namba 100. Namba hiyo haisemi betri ina umeme kiasi gani. Inasema imejaa kadiri inavyoweza kujaa leo. Chukua debe lililopondeka. Ukilijaza maji mpaka ukingoni utasema limejaa, na ni kweli, lakini maji yake hayafiki ya debe jipya. Betri nayo hupondeka kwa kuzeeka.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa. Betri yetu ilipotoka kiwandani ilikuwa ya wati-saa 48. Kompyuta ikitumia wati 12 kwa kazi ndogo ya kuandika, gawanya 48 kwa 12, utapata saa 4. Kompyuta hiyo hiyo, kioo kikiwa kikali, intaneti ikiwa wazi na programu nyingi zikifanya kazi, huweza kutumia wati 20. Hapo betri ile ile itakaa saa 2 na dakika 24 tu.

Tulipopima betri yetu baada ya aibu ile, tulikuta imebaki na wati-saa 19 na kidogo. Kwa wati 20 haifiki hata saa moja. Toa umeme ulionyonywa na simu ya yule kijana, toa na muda ambao kompyuta ilikaa mkobani ikiwa inasinzia bila kuzimwa, utaona kwa nini hatukumaliza nusu saa.

KINACHOIZEESHA BETRI

Betri za kompyuta za leo ni za lithiamu. Betri za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wataalamu 3 waliozibuni walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Nyingi zina madini ya kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi, na wachimbaji wanaosema Kiswahili kama sisi. Kwa hiyo anayeua betri kwa uzembe anatupa jasho la wafanyakazi wenzake.

Mambo yanayoizeesha upesi ni haya:

Kwanza, joto. Hili ndilo adui mkubwa. Ofisi ya mabati saa sita mchana ni tanuri. Usiiache kompyuta juu ya meza inayopigwa na jua, wala ndani ya gari lililofungwa. Usiiweke juu ya godoro au blanketi inapofanya kazi, kwa sababu matundu yake ya kupumulia huzibika.

Pili, kukaa imejaa siku zote. Kompyuta yetu ilikuwa imechomekwa usiku na mchana kwa mwaka mzima, tukidhani tunaitendea wema. Kompyuta za sasa huacha kuchaji zikijaa, kwa hiyo haitapasuka usiku mmoja. Lakini betri iliyojaa pomoni, tena katika joto, huchakaa upesi. Iweke kati ya 20 na 80 siku za kawaida. Kompyuta nyingi zina mpango wa kuiambia isimame ikifika 80; mwombe fundi akuonyeshe. Siku ya kikao tu ndiyo uijaze mpaka 100.

Tatu, kuiacha ife kabisa. Wazee wa redio watakuambia betri imalizwe mpaka sifuri ndipo ichajiwe. Shauri hilo lilikuwa la betri za zamani za nikeli. Kwa lithiamu ni kinyume: kuimaliza kila mara kunaichosha. Na kama kompyuta haitatumika kwa mwezi mzima, izime betri ikiwa nusu, na uiweke mahali penye ubaridi.

Hata ukitunza, betri ina umri wake. Kwa kawaida baada ya kujazwa mara 300 mpaka 500 huanza kupungua nguvu kwa kuonekana. Basi Tawi liweke akiba ya kununua nyingine.

JINSI YA KUIPUNGUZIA KAZI

Punguza mwanga wa kioo. Kioo ni miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme. Mwanga wa nusu watosha ndani ya chumba.

Funga programu usizotumia, pamoja na kurasa za intaneti. Kama unaandika hesabu tu, zima na mawimbi ya intaneti. Washa mpango wa kubana betri. Uko katika kila kompyuta ya siku hizi.

Ng'oa vitu vyote vilivyochomekwa ubavuni, na hasa simu za watu.

Tena tofautisha kusinzia na kulala fofofo. Ukifunga kifuniko, kompyuta nyingi husinzia tu. Kazi inabaki wazi lakini betri inaendelea kuliwa kidogo kidogo. Kwa safari ya kutoka Kabuga mpaka mjini, au kwenda shamba la mbali, izime kabisa. Ukiizima unaikinga pia na matuta ya njiani, kwa maana kompyuta za zamani zina sahani inayozunguka ndani, na ikitikiswa juu ya pikipiki inapozunguka huweza kukwaruzika, na kumbukumbu zote zikapotea.

PROGRAMU NAZO

Programu za wizi zinazouzwa bei ya soda mara nyingi huja na virusi. Virusi huiba, huharibu mafaili, tena huifanyisha kompyuta kazi usiyoiona na kuimaliza betri. Hakuna haja ya kuiba. LibreOffice hutolewa bure na kwa halali, nayo inaandika barua na kupiga hesabu zote za tawi.

Angalia pia kama kompyuta yako inatumia Windows 10. Kampuni ya Microsoft iliacha kuipa huduma ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka, lakini mlango wake unabaki bila mlinzi. Kama haiwezi kubeba Windows 11, muulize fundi akuwekee Linux, ambayo nayo ni ya bure, na nyingine huenda vizuri katika mashine za zamani.

Kompyuta ikiomba kusahihisha programu zake, ikubalie jioni ikiwa katika umeme. Usingoje ianze asubuhi ya kikao.

Na neno la siri liwepo. Orodha ya wanachama ina majina, namba za simu na namba za vitambulisho. Rwanda inayo Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 inayolinda taarifa binafsi za mtu. Hata bila sheria, mwanachama alitupa jina lake kwa kutuamini.

UKINUNUA ILIYOTUMIKA

Tusiiogope kompyuta kama uchawi wa wageni. Watoto wa shule za Rwanda walianza kupewa kompyuta ndogo mwaka 2008, na mwaka 2015 kampuni ya Positivo BGH ilianza kuunganisha kompyuta hapa hapa Kigali. Ni mashine kama mashine nyingine, na mashine hukaguliwa kabla ya kulipiwa.

Muuzaji akikuambia betri ni mpya, mwombe dakika 5. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi andika:

powercfg /batteryreport

Kompyuta itaandika taarifa na kukuambia imeiweka wapi. Ifungue utafute mistari 2. "DESIGN CAPACITY" ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani. "FULL CHARGE CAPACITY" ni uwezo wake leo. Yetu ilisema 48,000 na 19,200, yaani ilibaki 40 kwa mia. Na huyo aliyetuuzia alikuwa ameapa kwamba haijatumika hata miezi 6! Laiti tungaliiuliza kompyuta yenyewe badala ya kumwuliza yeye.

Betri ya bandia huweza kudanganya hata katika taarifa hiyo. Kwa hiyo fanya jaribio la pili: chomoa waya, weka mwanga wa nusu, itumie nusu saa. Ikishuka kutoka 100 mpaka 90, inaweza kukaa kama saa 5. Ikishuka mpaka 70, haitafika saa 2. Hapo punguza bei au uondoke zako.

Soma pia maandishi ya chaja. Volti zake ziwe zile zinazotakiwa na kompyuta, na wati zisipungue. Chaja isiyofaa huchemka, na inaweza kuharibu kompyuta.

HATARI YA MOTO

Ukiona kibodi imeinuka, au kifuniko hakifungi sawasawa, huenda betri imevimba. Acha kuitumia mara moja na uchomoe waya. Usiitoboe, usiikandamize, usiitupe motoni wala katika shimo la choo. Betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka moto mkali. Ipeleke kwa fundi anayeaminika aitoe. Rwanda kuna kituo cha kuchakata taka za vyombo vya umeme huko Bugesera. Betri mbovu ziende huko.

KARATASI HAIISHI CHAJI

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Unapoandika, bonyeza Ctrl na S kila baada ya dakika chache ili kazi ihifadhiwe. Kila Ijumaa nakili mafaili katika flashi, na flashi hiyo akae nayo mweka hazina nyumbani kwake, si ndani ya mkoba wa kompyuta, maana mwizi huchukua vyote pamoja. Na kabla ya kikao, chapisha hesabu zako. Gharama ya kurasa chache ni faranga kidogo, na karatasi haiishi chaji.

Wiki 3 zilipokwisha tulirudi katika kikao kile. Tulikuwa na betri nyingine, kompyuta ikiwa imezimwa njiani, na nakala 4 za karatasi. Safari hii hakuna aliyeuliza kama tuna ushahidi. Tulibishana juu ya saa zenyewe, jina kwa jina, mstari kwa mstari, mpaka jioni. Na hayo ndiyo mabishano tuliyoyataka tangu mwanzo.

Katibu wa kila tawi apime betri yake wiki hii, na aandike namba 2 alizoziona katika daftari la mali ya tawi. Baada ya miezi 6 apime tena. Atakayefanya hivyo hatashangazwa na kioo cheusi mbele ya mwajiri.

Umoja ni nguvu.