Fizi: Shamba likiwa mbali, bustani ya nyumbani huokoa sufuria

Vita vimefanya mashamba ya mbali kuwa hatari kwa familia nyingi za Fizi na Baraka, mkoani Kivu Kusini. Ndiyo maana bustani ndogo nyuma ya nyumba ina thamani kubwa.

Muhogo, chakula kikuu hapa, hukaa shambani miezi 9 au zaidi. Familia ikikimbia, jasho la mwaka mzima hupotea. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4 tu, na ikikatwa juu huchipua tena.

Kinachohitajika ni tuta lenye samadi iliyooza, maji yaliyooshea mboga, na uzio wa kuzuia mbuzi na kuku. Kiangazi, Juni hadi Agosti, nyasi kavu zikitandazwa hutunza unyevu. Jioni mboga ya ugali hupatikana bila mama kupita njia ya hatari.